Kutafuta Mbegu ya Gegedu

Msomaji, siku moja mbuzi atakapochinjwa nyumbani kwenu kwa ajili ya arusi au sikukuu, mwombe mwenye kisu akupe mguu wa nyuma kabla haujatiwa chunguni. Likate goti lake kwa uangalifu, uziachanishe kano zinazolizunguka, kisha uzitazame ncha za mifupa miwili pale inapokutana. Utaona kwamba ncha zile si kavu kama sehemu nyingine za mfupa. Zimevikwa kitu laini chenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, kinachong'aa na kuteleza mfano wa kauri iliyolowa. Kibonyeze kwa ukucha, nacho kitabonyea kidogo kisha kirudi kama kilivyokuwa. Hicho ndicho kinachoitwa gegedu, na wewe nawe unacho katika magoti yako, unene wake milimita chache tu. Ndicho kikuwezeshacho kukimbia, kuruka na kupiga magoti pasipo mfupa kusagana na mfupa.

Sehemu kubwa ya gegedu ni maji, yaliyoshikwa na nyuzi nyembamba mno za kitu kiitwacho kolajeni. Seli zilizo hai ndani yake ni chache sana, kila moja imejifungia peke yake katika kijumba chake kama mtawa. Lakini jambo la ajabu kupita yote ni hili: gegedu halina mishipa ya damu wala mishipa ya fahamu. Ukijikata kidole, damu hutoka, huganda, na katika damu ile huja vibarua wa kujenga upya kilichobomoka. Gegedu likikatika, hakuna damu itokayo wala vibarua wajao. Na kwa kuwa halina fahamu, mwenyewe huweza kukaa miaka mingi asijue kwamba limeharibika, mpaka siku mfupa wenyewe unapoanza kulia.

Nilianza kuyasoma mambo haya kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye ni mkulima wa chai, naye amepanda na kushuka vilima kwa miaka arobaini na mzigo mgongoni. Siku moja alinijia akichechemea, na mkononi ameshika karatasi aliyopewa mjini. Karatasi ilisema kwamba goti bovu huweza kufanywa jipya kwa sindano ya seli shina, na kwamba mgonjwa aweza kuchagua seli zitokazo katika mafuta ya tumbo lake au zitokazo katika uboho wa mifupa yake. Bei yake ilikuwa sawa na bei ya mtamba mmoja mwenye mimba, ambaye ndiye mjomba aliyekuwa naye. "Mwalimu," akaniambia, "wewe umesoma. Ipi iliyo bora, ya mafuta au ya uboho?" Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe muda, na haya nitakayokusimulia ndiyo niliyoyapata.

Yatupasa kuanzia London, mwaka wa 1743. Katika mwaka huo daktari mmoja kijana kutoka Scotland, William Hunter, aliyekuwa na umri wa miaka 25 tu, alipeleka maandishi yake mbele ya Royal Society, chama cha wataalamu wa sayansi wa Uingereza. Maandishi yale yalihusu umbo la gegedu la viungo na magonjwa yake. Hunter alikuwa amechukua vipande vya gegedu, akavichemsha, akavirowesha, akavichunguza jinsi nyuzi zake zilivyopangwa, zimesimama wima juu ya mfupa mfano wa nyuzi za mahameli. Aliona pia kwamba mishipa ya damu hufika ukingoni mwa gegedu, ikalizunguka kama mkufu, lakini haiingii ndani. Kisha akaandika neno ambalo waganga wanalikumbuka mpaka leo: kwamba tangu zama za Wayunani ilikuwa imekubaliwa kuwa kidonda cha gegedu ni taabu kubwa, na kwamba gegedu likishaharibika halirudi tena.

Kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi hapana aliyeweza kumkanusha. Fikiri, msomaji, ni mangapi yaliyovumbuliwa katika miaka hiyo: chanjo, dawa ya usingizi, eksirei, penisilini. Katika jambo hili moja waganga walibaki palepale.

Aliyethubutu kuligusa neno la Hunter ni mpasuaji wa Bristol aitwaye Kenneth Pridie. Mwaka wa 1959 alieleza njia yake. Pale gegedu lilipokwisha, yeye alitoboa matundu kwa keekee katika mfupa ulio wazi. Hoja yake ilikuwa nyepesi, nayo ilikuwa na akili: ikiwa gegedu halina damu, chini yake upo mfupa, na ndani ya mfupa umo uboho uliojaa damu, basi na tuifungulie damu ile njia ipande juu. Ikapanda, ikaganda, na baada ya miezi kadhaa pale palipokuwa wazi pakafunikwa. Katika miaka ya 1980 daktari mmoja wa Marekani, Richard Steadman, aliifuata njia hiyohiyo, ila badala ya keekee alitumia chuma chembamba chenye ncha, akipiga vitundu vidogo vingi.

Lakini kilichoota si gegedu halisi. Kilikuwa kitu kilicho kati ya gegedu na kovu, chenye nyuzi za aina nyingine, zilizo ngumu kuvutika lakini zisizoweza kustahimili kubanwa kila siku. Wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha miaka michache baadaye maumivu yakawarudia. Hata hivyo matundu ya Pridie yaliacha swali kubwa. Katika damu ile iliyopanda kutoka ubohoni, ni kitu gani hasa kilichojenga? Damu yenyewe haijengi gegedu wala mfupa. Bila shaka walikuwamo ndani yake mafundi fulani ambao hakuna aliyekuwa amewaona.

Mtu aliyewaona alikuwa Moscow, wala hakuwa mpasuaji wa magoti. Jina lake ni Alexander Friedenstein. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walichukua uboho wa wanyama wadogo, wakauweka katika vyombo vya kioo pamoja na chakula cha seli, wakangoja. Seli nyingi za uboho ni za damu, nazo huelea. Friedenstein akazimwaga zilizoelea. Zikabaki seli chache zilizong'ang'ania kioo, ndefu na nyembamba kama samaki wadogo. Baada ya siku kadhaa kila moja ya seli hizo ilikuwa imezaa kijiji kizima kuizunguka. Katika maandishi yao ya mwaka wa 1970, waliyoyafanya kwa uboho wa simbilisi, yaani wale wanyama wafugwao wafananao na panya wasio na mkia, walieleza vijiji hivyo waziwazi. Seli hizo zilipopandikizwa ndani ya mnyama, zilijenga mfupa.

Tafadhali usiyapite mambo haya haraka, maana hapa ndipo penye shina la habari yote. Friedenstein hakuwa na mashine za ajabu. Silaha yake ilikuwa kumwaga zilizoelea na kuzitunza zilizoshika. Na zilizoshika zilikuwa chache mno: wataalamu waliokuja baadaye walikadiria kwamba katika uboho wa mtu mzima seli ya namna hii ni moja katika elfu kumi, au hata moja katika laki moja. Ni kama kutafuta mtoto mmoja katika uwanja uliojaa watu siku ya sikukuu ya taifa.

Seli za namna hii huitwa seli shina. Umeuona mgomba. Ukishazaa mkungu wake hukatwa ukafa, lakini shina lake lililo chini ya udongo hutoa machipukizi mengine. Seli shina ndivyo ilivyo: hugawanyika ikazaa nyingine mfano wake, na katika uzao wake wamo watakaokuwa mafundi wa mfupa, wa mafuta, au wa gegedu, kwa kadiri ya mahali walipo na maneno waliyoambiwa. Mwaka wa 1991 Arnold Caplan wa Cleveland, Marekani, mtaalamu aliyeanza kazi yake kwa kuchunguza viungo vya vifaranga wakiwa bado mayaini, alizipa seli hizi jina la seli shina za mesenkima, yaani za ile nyama laini ya mimba ambayo kwayo mifupa na gegedu hutokea. Jina hilo lilienea duniani kwa upesi sana. Pengine kwa upesi kupita kiasi, kama utakavyoona.

Wakati huohuo Waswidi walikuwa wakifuata njia nyingine. Katika mji wa Gothenburg, Lars Peterson, Mats Brittberg na wenzao walijiuliza: kwa nini tutafute mafundi wageni, na wenyewe wamo ndani ya gegedu? Wakakata kipande kidogo cha gegedu zima pembeni mwa goti la mgonjwa, wakazitoa seli zake, wakazizalisha maabarani kwa majuma kadhaa, kisha wakazirudisha mahali palipoharibika na kuzifunika kwa utando mwembamba uliobanduliwa juu ya mfupa. Mgonjwa wa kwanza alitendewa hivyo mwaka wa 1987. Habari zilipochapishwa mwaka wa 1994 walikuwa wagonjwa 23. Kati ya 16 walioharibika sehemu ya chini ya mfupa wa paja, 14 waliendelea vizuri. Kati ya 7 walioharibika nyuma ya pia ya goti, wawili tu. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini angalia gharama yake: lazima mgonjwa apasuliwe mara mbili, na lazima gegedu zima liharibiwe ili kuliponya lililoharibika. Huko ni kung'oa bati la chumba kimoja ili kuezeka kingine. Tena seli za gegedu, zikizalishwa mno katika kioo, husahau kazi yao, zikaanza kutengeneza nyuzi za kovu.

Kwa hiyo watu wakarudi kwa seli shina, na sasa kazi ikawa kuzifundisha. Mwaka wa 1998, kule Cleveland, Brian Johnstone na wenzake walizizungusha seli za uboho wa sungura kwa nguvu katika kichupa hadi zikajikusanya chini kama tembe ndogo, laki mbili hivi kwa tembe moja. Wakazipa dawa ya kuchochea ukuaji, nazo zikageuka gegedu. Siri ilikuwa katika kuzisonganisha. Seli zilizotawanyika juu ya kioo hazikutaka kuwa gegedu. Zilizobanana pamoja, kama zibananavyo katika mimba, zilikubali. Mwaka uo huo jambo lilo hilo lilifanyika kwa seli za uboho wa binadamu.

Baada ya hapo, nyumba zilizoonekana kuwa na seli shina zikaongezeka kila mwaka. Mwaka wa 2001 Patricia Zuk na wenzake huko Marekani walizikuta katika mafuta yaliyofyonzwa kutoka miilini mwa watu waliotaka kupunguza unene. Habari hii iliwafurahisha wengi, maana uboho hutolewa kwa sindano nene iingiayo mfupani, nayo inauma, lakini mafuta yapo tele na mwenyewe huwa tayari kuyatoa pasipo majuto. Mwaka uo huo Cosimo De Bari na wenzake, katika mji wa Leuven nchini Ubelgiji, walizikuta katika ule utando mwembamba unaozunguka kiungo kwa ndani na kutoa ute wa kukilainisha. Zikaonekana katika misuli, katika utando uuvikao mfupa, hata katika damu ya kitovu cha mtoto mchanga, ambayo kwa kawaida humwagwa.

Sasa, msomaji, tumelifikia swali la mjomba wangu. Ikiwa seli hizi zote zinashika kioo namna moja, zinafanana chini ya hadubini, na zinaitwa kwa jina moja, je, ni sawa? Mkulima yeyote angejua kwamba swali hili halijibiwi kwa kutazama. Mahindi ya mbegu tano, ukiyamwaga juu ya mkeka, yaweza kufanana. Lakini ukitaka kuzijua, huna budi kuyapanda katika shamba moja, siku moja, kwa mbolea moja, na kungoja mavuno. Tena hutapanda mbegu moja bondeni na nyingine mlimani, kisha ukaisifu ile ya bondeni. Hilo ndilo kosa lililokuwa limeenea: kila maabara iliisifu nyama yake, nayo ilikuwa imetumia njia zake, na wagonjwa wake.

Walioandaa shamba moja walikuwa Wajapani. Mwaka wa 2005 Yusuke Sakaguchi, Ichiro Sekiya, Takeshi Muneta na wenzao wa Tokyo walichapisha mashindano ya haki. Walichukua vitu vitano vilivyopatikana katika upasuaji wa magoti ya watu walioumia kano: uboho, utando wa kiungo, utando wa mfupa, msuli na mafuta. Wakazitoa seli, wakazizalisha kwa kipimo, wakazifinyanga tembe, wakazipa mafunzo yaleyale.

Hayo mavuno yao. Seli za uboho zilikuwa adimu kupita zote, lakini kila moja iliyopatikana ilizaa kijiji kikubwa kupita vingine. Seli za uboho, za utando wa kiungo na za utando wa mfupa ziliendelea kuzaa hata zilipohamishwa chombo mara kumi. Zilipoagizwa kujenga gegedu, tembe za hizo tatu zilikuwa kubwa, nazo zilishika rangi ile ionyeshayo gegedu. Za msuli na za mafuta zilikuwa ndogo na hafifu. Na mshindi wa wote alikuwa utando wa kiungo. Miaka mitatu baadaye kikundi hichohicho kilifanya jaribio jingine, safari hii ndani ya magoti ya sungura, na utando pamoja na uboho vikashinda tena mafuta na msuli.

Yaani ile nyama iliyokuwa rahisi kupatikana kuliko zote ndiyo iliyokuwa dhaifu kwa kazi hii. Wajerumani wa Heidelberg walionyesha mwaka wa 2007 kwamba seli za mafuta huweza kuamshwa zikafanya vizuri zaidi zikiongezewa dawa nyingine ya kuchochea, kwa kuwa zenyewe hazina masikio mazuri ya kuisikia ile ya kwanza. Kwa hiyo si kwamba haziwezi kabisa. Zinahitaji mwalimu mwingine.

Lakini uboho nao una aibu yake, nayo iligunduliwa Heidelberg vilevile, mwaka wa 2006. Karoliina Pelttari, Wiltrud Richter na wenzao walizitazama tembe za gegedu zilizotengenezwa kwa seli za uboho, wakaona kwamba seli zake zilikuwa zikivimba kabla ya wakati, kama zivimbavyo seli za mfupa wa mtoto unaorefuka. Wakazipandikiza chini ya ngozi ya panya. Zikawa ngumu kama chokaa, mishipa ya damu ikaingia. Tembe zilizotengenezwa kwa seli za gegedu lenyewe hazikufanya hivyo, zilibaki gegedu. Mtoto aliyelelewa katika mfupa alijifunza kazi ya gegedu, akaifanya vizuri mbele ya mwalimu, na mwalimu alipogeuza kisogo akarudia kazi ya babaye.

Na utando je, kwa nini ushinde? Jibu lilikuja polepole, nalo ni la undugu. Mtoto akiwa bado tumboni, mahali goti litakapokuwa hujitenga tabaka nyembamba ya seli. Kutoka tabaka hiyo hutokea gegedu la kiungo na kutokea pia utando unaokizunguka. Mwaka wa 2017 De Bari, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Aberdeen, pamoja na wenzake, walionyesha katika panya kwamba wazao wa tabaka ile ya kwanza wangali wamo katika utando hata mnyama akishakuwa mzima, na kwamba kiungo kikiumia huongezeka na kusaidia kutengeneza gegedu. Utando na gegedu ni watoto wa mama mmoja. Nikukumbushe ule mkufu wa mishipa aliouona Hunter ukingoni mwa gegedu: alikuwa ameitazama nyumba ya mafundi bila kujua ni nani akaaye ndani.

Maabara ni maabara, na goti la mtu ni goti la mtu. Tuwatazame sasa wagonjwa. Mwaka wa 2002 Shigeyuki Wakitani na wenzake wa Japani walieleza habari za wagonjwa 24 wenye magoti yaliyochakaa, 12 waliopandikizwa seli za uboho wao wenyewe na 12 ambao hawakupandikizwa. Madaktari walipochungulia ndani ya magoti waliona kwamba ya wale wa kwanza yamefunikwa vizuri zaidi; lakini walipowauliza wagonjwa wenyewe maumivu yao, tofauti haikuwa kubwa. Huko Singapore, mwaka wa 2010, wagonjwa 36 waliopewa seli za uboho walilinganishwa na 36 waliopewa seli za gegedu kwa njia ya Waswidi, nao wakawa karibu sawa. Na hilo lilikuwa faida, kwani waliopewa za uboho hawakulazimika kukatwa gegedu zima. Korea ya Kusini iliruhusu mwaka wa 2012 dawa iliyotengenezwa kwa seli za damu ya kitovu. Katika jaribio la wagonjwa 114 lililochapishwa mwaka wa 2021, waliopewa dawa hiyo walikuwa na gegedu bora kuliko waliotobolewa vitundu, lakini katika mwaka ule wa kwanza hawakuzidi kwa kupungukiwa na maumivu. Nao watu wa Tokyo walizitia seli za utando katika magoti ya wagonjwa kumi, wakachapisha habari zao mwaka wa 2015. Njia yao inapendeza kwa unyenyekevu wake: humlaza mgonjwa hivi kwamba penye shimo patazame juu, huzimwaga seli taratibu, kisha hungoja dakika kumi bila kumtikisa, mpaka zishike zenyewe. Friedenstein angeifahamu mara moja.

Naona utauliza: na wale wauzao sindano, wao wamo wapi katika habari hii? Hawamo, na ndilo jambo lililonishtua. Katika miaka hiyohiyo ambamo wataalamu walikuwa wakibishana juu ya tembe na sungura, katika nchi nyingi zilifunguliwa zahanati zilizofyonza mafuta ya mtu asubuhi na kumdunga jioni, si kwa magoti tu, bali kwa mapafu, kwa mgongo, kwa macho. Mwaka wa 2017 iliandikwa habari ya wanawake watatu wa Marekani waliopoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotoka katika mafuta yao. Mwaka wa 2019 mahakama ya Florida iliamua kwamba dawa ya namna hiyo haiwezi kuuzwa pasipo kibali. Caplan mwenyewe aliandika mwaka wa 2017 kwamba jina alilolitoa mwaka wa 1991 lifaa libadilishwe, kwa sababu neno shina liliwafanya watu waamini kwamba seli zile, zikidungwa tu, zitaota ziwe nyama mpya. Kwa maoni yake kazi yake kubwa ni kutoa dawa za kutuliza na kuziamsha seli za mahali pale. Si jambo la kila siku kumwona mtu akilikataa jina lililompa sifa, nami humheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa jina lenyewe.

Kilichobaki kilikuwa jaribio moja kubwa juu ya watu. Likaendeshwa Marekani, likiongozwa na Kenneth Mautner wa Atlanta, na matokeo yake yalitoka mwaka wa 2023. Wagonjwa wapatao 480 wenye magoti yaliyochakaa waligawanywa kwa kura. Wako waliodungwa uboho wao, waliodungwa seli za mafuta yao, na waliodungwa seli zilizotolewa katika kitovu cha mtoto mchanga; wengine walidungwa dawa ya kawaida ya kupunguza uvimbe, ambayo hospitali zimeitumia kwa miaka mingi na bei yake ni ndogo. Mwaka mmoja ukapita. Watu wa kila kundi walikuwa na nafuu kiasi. Lakini si uboho, si mafuta, si kitovu, hapana hata kimoja kilichoishinda ile dawa ya kawaida.

Ni haki niseme kwamba jaribio hilo lilihusu sindano, wala si upasuaji wa kupanda seli ndani ya shimo, kama wafanyavyo Tokyo au Gothenburg. Na utando haukuwamo mashindanoni. Kwa goti la kijana aliyeumia mpirani, lenye shimo moja na gegedu zima pembeni, kazi ya kutafuta mbegu ingali inaendelea, na huenda miongoni mwenu ninyi mnaosoma yuko atakayeifanya. Goti la mzee, lililochakaa pande zote, ni shamba lililokwisha mbolea. Humo hata mbegu njema hupata taabu.

Basi nilimrudia mjomba siku ya Jumapili, nikamweleza yote, tangu Hunter hata Atlanta. Alinisikiliza akiwa amelinyosha goti lake juu ya kigoda.

"Kwa hiyo ya mafuta haishindi ya uboho," akasema.

"Katika kioo, Mjomba, ya uboho hushinda. Katika goti la mzee hazikuachana."

"Na hiyo ya kawaida?"

"Hiyo nayo hazikuipita."

Akanyamaza kidogo. "Bei yake?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka akajishika goti. Juma lililofuata tulikwenda pamoja katika hospitali ya wilaya. Daktari alimwambia apunguze uzito wa mwili, aache kubeba mizigo kilimani, na akamfundisha namna ya kuinua mguu kila asubuhi ili misuli ya paja ipate nguvu ya kulisaidia goti. Mtamba alizaa mwezi wa Aprili. Mjomba huenda kumkama mwenyewe, akiegemea mkongojo, asubuhi kimya, na jioni akinung'unika.